Ziarolojia ya Awali: Uainishaji wa Mgeni wa Hifadhi Kisiwani Unguja

Mwanafunzi, kaa kitako, fungua daftari, uzime simu. Somo hili halina marudio.

Tangu mwaka 1868 kima punju wa Unguja ana jina lake rasmi katika sayansi, lenye ukumbusho wa John Kirk, tabibu wa Kiskochi aliyefanya kazi Zanzibar na baadaye akawa konseli wa Uingereza. Paa nunga naye ana jina. Popo wa Pemba ana jina. Mikoko ya Chwaka imeainishwa mti kwa mti: mkoko, mchu, mkandaa, msinzi, mkomafi, wala hakuna anayethubutu kumwita mchu mkandaa mbele ya bwana misitu. Papa potwe wa Mafia wamefika mbali zaidi, maana watafiti huwatambua mmoja mmoja kwa mpangilio wa madoa yaliyo nyuma ya matamvua. Lakini yuko kiumbe anayeingia hifadhini kila siku, mchana kweupe, kwa makundi, akiacha nyayo na vifuniko vya chupa, na hadi leo hana hata kitawi kimoja katika mti wa uainishaji. Kiumbe huyo ni mgeni.

Pengo hilo limenikosesha usingizi. Dunia itaendeleaje kuzunguka ikiwa hatujui tofauti kati ya mgeni anayemtazama kima na mgeni anayeitazama simu inayomtazama kima? Ili kuliziba nimeasisi taaluma ya ziarolojia, yenye matawi mawili: ziarolojia kavu, inayohusu misitu, na ziarolojia chumvi, inayohusu bahari. Wapo waliopendekeza tawi la tatu, ziarolojia mchanga, kwa ajili ya ufukweni. Nimelikataa. Mtu aliyelala ufukweni hajazuru chochote, amehifadhiwa yeye.

Andika fasili.

Fasili ya 1. Mgeni wa hifadhi ni mamalia wa miguu miwili, aghalabu mwenye kofia, anayelipa ili aone kitu ambacho kingekuwapo hata asingelipa.

Fasili ya 2. Ziara ni muda ulio baina ya kukata tiketi na kuuliza choo kiko wapi. Wapo wanaourefusha muda huo hadi kwenye duka la vinyago. Hao ni wanauchumi, hatuna haja nao.

Fasili ya 3. Kiongozi ni mwenyeji aliyekula yamini ya kutocheka.

Sehemu ya kwanza: Mahali, kwa kigezo cha unyevu

Wanajiografia hugawa hifadhi kwa mipaka. Ni kosa la kitoto. Mgeni haijui mipaka. Anachojua ni kama amelowa au hakulowa. Kigezo changu, kwa hiyo, ni unyevu wa suruali, na tangu nikigundue sijaona sababu ya kukitafutia mwenzake.

Ya kwanza kwa heshima ni Jozani na Ghuba ya Chwaka, hifadhi ya taifa pekee ya Zanzibar, iliyotangazwa mwaka 2004, yenye eneo la takriban kilomita za mraba 50. Ukiikuta kwenye ramani, kijani tupu katikati ya kisiwa, utaiandika kavu. Hapo ndipo wanafunzi wengi hufeli. Msitu wa Jozani umesimama juu ya maji yaliyo karibu mno na uso wa ardhi, na masika yakishika, mitondoo husimama ndani ya madimbwi. Halafu vuka uende upande wa Pete, kwenye njia ya mbao ipitayo juu ya mikoko. Hapo unyevu hugeuka mara nne kati ya leo na kesho, kwa kuwa bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili. Maji yakijaa, mgeni huona mizizi imezama na visamaki vikipenya katikati yake. Yakipwa, huona tope, na juu ya tope kaa wadogo wenye gando moja kubwa na moja dogo, wanaolipunga lile kubwa kumuita jike. Madume ndiyo yenye gando hilo. Majike yana magando madogo yote mawili, yanakula kwa mikono yote, na hayapungi. Basi Jozani si kavu wala si chepechepe. Ni hifadhi kigeugeu, na kundi hilo linahitaji kitabu chake peke yake, ambacho nimeshakiandikia jalada.

Chumbe ni hifadhi ghorofa. Ghorofa ya chini ni mwamba hai wa matumbawe, uliofungwa kwa uvuvi tangu miaka ya 1990. Ghorofa ya juu ni msitu uliojiotea juu ya matumbawe ya kale, yaliyokufa zamani bahari ilipoyaacha juu. Kileleni upo mnara wa taa uliojengwa na Waingereza mwaka 1904. Usiku hutoka kaa mla nazi, mkubwa kuliko kaa wote wa nchi kavu, naye ni mpangaji wa jengo zima isipokuwa ghorofa ya chini, kwa maana akishakuwa mtu mzima hawezi tena kuishi majini. Ukimtumbukiza atazama afe. Zingatia, mwanafunzi: huyu alianza maisha akielea baharini. Mgeni aliyekodi miwani ya kuzamia na kukaa nayo shingoni siku nzima bila kuingia majini ni jamaa yake wa karibu, na nimewaweka katika ukurasa mmoja.

Ghuba ya Menai, kusini mwa kisiwa, imekuwa eneo la hifadhi tangu 1997. Ni majimaji. Hakuna la kuongeza.

Changuu nimekiondoa katika orodha. Najua utalalamika, kwa sababu kila anayefika Mji Mkongwe hupelekwa huko kwa boti na kurudi akisema amezuru hifadhi. Kisiwa kilijengewa gereza ambalo halikupata wafungwa, likageuzwa karantini. Na wale kobe wakubwa, ambao wanne wa mwanzo waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, wameandikwa umri kwa rangi juu ya magamba yao. Mgeni akifika husoma namba kwanza, akasema mashallah, kisha ndiyo amtafute kobe yuko upande gani. Kiumbe aliyeandikwa jibu mgongoni hafai kwa utafiti.

Sehemu ya pili: Aina za mgeni

*Aina ya I: Mgeni gumbawi*

Mkono wa kima punju una vidole vinne vya kushikia tawi; dole gumba limebaki kifundo tu. Mgeni gumbawi ni kinyume chake kamili: ni dole gumba lililoota mtu. Utamkuta chini ya mti, mikono imeinuka usawa wa paji la uso, pumzi ameibana. Baina ya jicho lake na kima pana kioo, na kwa mujibu wa vigezo vya ziarolojia kioo hicho ni ukuta.

Kuna gumbawi wima, anayeishika simu kwa urefu. Gumbawi mlalo, anayeilaza. Na gumbawi mgeuko, anayempa kima kisogo ili wote wawili waingie pichani. Tofauti ya wima na mlalo si ya kuchezewa. Mimi binafsi sili meza moja na watu wa mlalo. Lakini gumbawi mgeuko ndiye anayewanyima raha walinzi, kwani kanuni ya Jozani inataka mgeni akae mbali kidogo, asiguse wala asilishe, kwa kuwa maradhi yetu yanaweza kumpata kima. Nimeyanakili mazungumzo haya papo hapo:

"Bibie, rudi nyuma kidogo, tafadhali."

"Mimi sijasogea, kaka. Yeye ndiye ananisogelea."

Jibu la bibie ni sahihi, na linafungua uwanja mpya ninaouita usogelewaji. Kima wa karibu na lango wamezoea watu. Hushuka mpaka matawi ya kiunoni, hula majani yao, na hawainui macho. Katika uchunguzi wangu wote sijamwona kima aliyegeuka ili aingie vizuri katika picha. Swali la nani anamzuru nani limebaki wazi, na ndilo swali kubwa la karne hii.

*Aina ya II: Mgeni ndizawi*

Huyu hufika na ndizi ndani ya mkoba. Moyo wake ni mweupe, elimu yake ni sifuri. Kima punju ni mla majani. Tumbo lake lina vyumba, na ndani yake majani huchachushwa na vijidudu kabla ya kumeng'enywa. Matunda mabivu, yenye sukari nyingi, huharibu uchachushaji huo. Ndiyo maana yeye mwenyewe, akila matunda, huchagua mabichi. Anayempa ndizi mbivu anampa ugonjwa, tena kwa tabasamu.

Ukitaka kweli kumkirimu kima punju, kirimu yake ni makaa. Usicheke, andika. Wale wanaoishi karibu na mashamba hula sana majani ya miembe na mikungu, ambayo yana kemikali za kukereketa tumbo, na wanatafuna makaa wanayookota kwenye visiki vilivyoungua na kwenye matanuri ya wachoma mkaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997, Thomas Struhsaker akiwa mmoja wa waandishi wake, ulionyesha kwamba makaa hayo yana uwezo wa kunasa kemikali hizo. Lakini makaa nayo usimpelekee. Kanuni ni kanuni, na isitoshe utachafua mkoba.

*Aina ya III: Mgeni zungukawi*

Hupatikana Mnemba tu. Kisiwa kile kimekodishwa kwa hoteli, na asiye mgeni wa hoteli haruhusiwi kukanyaga mchanga wake, ila mwamba unaokizunguka huogelewa na wengi. Zungukawi hukizunguka kisiwa, hukiona pande zote, hukipiga picha, hukila chakula cha mchana kwa macho, kisha hurudi Matemwe akiapa kwamba amefika Mnemba. Amefika kwa maana ya duara. Kielelezo cha 4 kingelieleza hili vizuri zaidi, lakini kilianguka baharini.

*Aina ya IV: Mgeni palewi*

Sasa tumefika Kizimkazi, kwenye Ghuba ya Menai, kiini cha ziarolojia chumvi. Alfajiri boti hutoka kuwatafuta pomboo, na ghafla nahodha hunyoosha mkono akapiga kelele: "Pale!" Shingo zote hugeuka. Pale hapana kitu. Pomboo ameibuka upande wa pili.

Tukio hili hurudiwa kwa ukawaida wa kustaajabisha, nami nimelifanyia nadharia. Mgeni palewi ni yule anayeishi daima nyuma ya tukio kwa kiasi cha pale moja. Pale ni kipimo cha umbali aendao pomboo tangu aonekane na nahodha mpaka shingo ya mgeni imalize kugeuka. Si kipimo kimoja kwa wote: mwenye shingo nyepesi ana pale fupi, na mwenye kofia pana iliyofungwa kamba chini ya kidevu ana pale inayofika Fumba.

Nahodha mzoefu hulijua jambo hili bila ya shahada. Msikilize namna anavyovuta sauti. "Pale" ya haraka ni pomboo aliye ubavuni mwa boti. "Paale" ni yule wa kwenye rangi ya maji inapobadilika. "Paaaale", kwa sauti inayopanda mwishoni, maana yake hakuna pomboo lakini kuna wageni walioanza kutazama saa. Hiyo ya tatu naiita pale ya tarajio, na nimeitengea sura mbili.

Palewi akichoka kuona kwa shingo hurukia majini. Hapa nalazimika kushusha kalamu ya taaluma kwa aya moja. Pomboo wa Menai huitumia ghuba hiyo kupumzika, kula na kulea watoto. Boti zikiwazingira kumi kwa mpigo na watu wakawaangukia kutoka juu, hawapumziki. Chombo kizuri hukaa kando, mashine chini, na kuwaacha pomboo waamue. Wakija, wamekuja. Wakiondoka, palewi amepata pale yake, na inatosha.

*Aina ya V: Mgeni tutawi*

Weka mstari mwekundu hapa. Ndiye mgeni aliyezua mjadala mkali kuliko wote, na ndiye mwenzetu.

Barabara ya kwenda Makunduchi na Jambiani hupita katikati ya eneo la kima. Zamani magari yaliyokwenda kasi yaliwaua kima wengi, basi yakawekwa matuta. Matuta yalikusudiwa kuokoa kima, na yamewasaidia. Lakini hakuna aliyetazamia tokeo lake la pili, ambalo nimeligundua mimi: daladala ikipunguza mwendo juu ya tuta, abiria wote huwa hifadhini, bila tiketi, kwa muda wa magurudumu ya mbele kupanda na ya nyuma kushuka.

Mfikirie bi mkubwa anayerudi Makunduchi kutoka mjini, kapu miguuni, kichwa kimeegemea dirisha. Daladala inapanda tuta. Anafumbua jicho. Juu ya tawi wamekaa kima, mgongo mwekundu, nywele nyeupe zimesimama kichwani, mtoto kifuani. Bi mkubwa anasema, "Makima hao," anafumba jicho. Utingo hata hageuki. Je, bi mkubwa amezuru hifadhi ya taifa?

Wafuasi wa mkabala wa kiingilio wanasema hapana, kwa kuwa hakulipa. Huo ni udhaifu wa hoja: alilipa nauli. Wafuasi wa mkabala wa macho wanasema ndiyo, kwa kuwa aliona, tena kwa ukaribu ambao mgeni gumbawi angeuandikia kurasa. Wa mkabala wa mshangao wanataka kujua kama moyo wake ulishtuka, na kama haukushtuka wanamfuta. Mkabala huo nao una mashimo, kwani wapo wageni waliolipa, wakashangaa, na hawakuona chochote, kima wakiwa wamelala juu kabisa. Mmoja ana macho bila mshangao, mwingine ana mshangao bila macho. Ukiwaunganisha unapata mgeni mmoja aliyekamilika, ila hawapandi gari moja.

Rai yangu, ambayo wanafunzi watainukuu, ni kwamba ziara ya tuta ni nusu ziara. Mtu aliyepita matuta yale tangu utotoni amelimbikiza nusu nyingi, na kwa hesabu ya kawaida angekuwa bingwa wa Jozani kuliko mzungu yeyote. Lakini nusu hazijumlishwi. Nusu ziara na nusu ziara ni nusu ziara mbili. Hajawahi kusimama chini ya mtondoo, hajasikia jinsi msitu ule unavyobana sauti, hajapita juu ya mikoko maji yakiingia. Na lango liko pale pale daladala inaposimama; neno moja kwa utingo linatosha.

Sehemu ya tatu: Ziara kinyume

Ziarolojia isingekuwa taaluma kamili kama isingeeleza ziara zinazokwenda upande wa pili. Kima punju hutoka msituni akaingia mashambani, anakula vidaka vya minazi, anaondoka. Hakati tiketi, hafuati kiongozi, haulizi choo. Wakulima walilalamika kwa haki, na sehemu ya viingilio vya hifadhi hurudishwa kwa wakaazi wa vijiji vya jirani, wakiwamo wakulima wanaoliwa mazao yao. Fuatilia fedha hiyo, mwanafunzi, utaona ajabu: mtalii anapolipa langoni analipa viingilio viwili, chake cha kumwona kima na cha kima cha kuliona shamba.

Mwaka 1999 Kirstin Siex na Struhsaker walichapisha matokeo ya utafiti wao kuhusu jambo hilohilo la kima na nazi. Walikuta kwamba kula kwa kima hakukupunguza mavuno ya mwisho. Mavuno yalionekana kwenda pamoja na ulaji huo, pengine kwa sababu mnazi uliopunguzwa vidaka huzilea vyema zaidi nazi zinazobaki. Nimewasomea wakulima matokeo hayo. Mzee mmoja alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akaniuliza kama mimi nina minazi.

Mtihani wa vitendo utafanyika siku ya bamvua, ambapo katika kisiwa chetu maji huwa yamekupwa mnamo saa nne asubuhi, kwenye njia ya mbao ya mikoko. Kumbuka kupwa husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo atakayekuja kesho yake kwa saa ileile atafanya mtihani wa mtu mwingine. Njoo na viatu vya kufunga, maji ya kunywa katika chupa utakayorudi nayo, na fedha za kiingilio. Ndizi acha nyumbani. Atakayetoa udhuru kwamba alipita kwa daladala akaniona kutoka dirishani nitampa nusu ya alama, na nusu haifaulishi.